Kabla Hujamtaja Aliyeua Samaki Wako

Nakumbuka asubuhi moja hapa Bihambwe, nikiwa bado mke mgeni ambaye hata watoto wa jirani walimwita "ule wa Mpofi", nilipobeba karai la pumba nikashuka kulisha samaki wangu. Nilifika ukingoni nikasimama. Bwawa lote lilikuwa limejaa matumbo meupe, wakubwa kwa wadogo, wamesukumwa na upepo mpaka kwenye nyasi za pembeni. Nilimwita mume wangu kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia tena maishani.

Mwanangu, nimekuita urudi leo ili nikuhadithie asubuhi hiyo yote, lakini kwanza weka simu yako mfukoni. Picha zako nimeziona. Nimekasirika, na nakuambia mapema kwamba nimekasirika, usije ukadhani baadaye kwamba ni uzee tu unanisemesha. Jana umetoka kwako Kingi na pikipiki, umeingia hapa kwangu bila hata kukaa, umenionyesha bwawa lako limejaa samaki waliokufa, wale wale niliokupa mimi, mwalimu wako, wakiwa wadogo kama ukucha. Nikakuhurumia. Nilikuwa nimeanza kukuchemshia chai. Halafu ukafungua kinywa.

Ukasema unamjua aliyewaua. Ni yule mama aliyekimbia vita kutoka upande wa Walikale, anayelala na watoto wake katika kibanda cha bashi, lile turubai la wakimbizi, kando ya mfereji wako. Ukasema Jumapili, watu wakitoka misa, utamfikisha mbele ya chefu wa kijiji. Na mimi ukanitaka niwe shahidi. "Mama, we uko wa kule," umeniambia. "Unajua dawa ya samaki ya kwenu. Utakuja unisemee." Nilizima moto wa chai, na nilitaka unione nikiuzima.

Sasa sikiliza, maana ulichoniomba wewe kilishafanyiwa mimi.

Kwetu Mpofi, kule chini porini upande wa Walikale, mwanamke anamjua samaki tangu anapoanza kutembea. Wakati wa kiangazi, vijito vikipungua, mama zetu walituchukua tukaziba maji kwa magogo na tope, tukayateka na kuyamwaga nje kwa vikapu mpaka mgongo ukauma, kisha tukaingia na mikono kutafuta samaki ndani ya matope. Tulirudi weusi kama nguruwe, na tulikuwa tunaimba. Na ndiyo, lipo pia jani ambalo wanaume wanaliponda na kulitupa kwenye dimbwi, samaki wanalewa, wanapanda juu, watu wanaokota. Sitalikana. Ni uvuvi wetu. Samaki wale tuliwala sisi na watoto wetu, tukalala salama.

Nikaolewa huku juu kwa watu wa ng'ombe. Mume wangu, Anselme, alikuwa mtu mpole, mchapakazi, na nilimpenda. Lakini maziwa niliyokuwa nayaona yakipita mbele yangu kila siku kwenye bidoni, sehemu kubwa yalikwenda kwa watengeneza fromaji, ile jibini, na mtoto wangu wa kwanza alipoachishwa ziwa nywele zake zikaanza kuwa nyekundu, miguu ikavimba. Bwaki, ule utapiamlo wa watoto. Wewe hujui uchungu wa kuona bwaki katika nyumba yenye ng'ombe. Nikamwendea baba mkwe, nikapiga magoti, nikamwomba ile kona yenye majimaji chini ya zizi nichimbe bwawa la samaki.

Alicheka mpaka akakohoa. "Samaki? Huku ku mulima? Watapanda na nini, na gari?" Mzee yule hakuwa mtu mbaya. Watu wake wa zamani hawakula samaki, na waliamini kwamba harufu ya samaki ikikaribia vyombo vya maziwa ng'ombe anakauka. Akanipa ile kona, akaweka sharti moja: sufuria ya samaki isivuke kizingiti cha nyumba ya maziwa. Nilikubali, na nililishika sharti lile kama amri ya kanisa.

Tukachimba, mimi na Anselme, tukaleta maji kwa mfereji kutoka kwenye chemchemi ya juu. Sasa hapa nataka nikuulize kitu, mwanangu. Nilipokufundisha kazi hii, nilikwambia nini la kwanza? Nilikwambia: bwawa likijaa maji, bado si bwawa. Zungushia kona moja mabua, tia samadi na majani ndani yake, yaache yaoze, ungoje maji yawe ya kijani. Ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Ukiona kiganja chako, rudi nyumbani ukaendelee kungoja. Siku usipokiona, hapo samaki watakuta chakula na watakaa. Mimi nilingoja hivyo, huku mtoto wangu anavimba. Unadhani sikuwa na haraka? Kila asubuhi nilitumbukiza mkono wangu katika maji yale ya baridi, nikaona vidole vyangu vyote, nikarudi nalia.

Wewe ulichimba, ukajaza, ukaja kunigongea mlango wiki ile ile na bidoni mkononi. Nikakufukuza. Ukarudi ukaniambia maji yamekuwa kijani, nami nikakuamini kama mjinga. Ninyi vijana wa sasa mnaona video ya mtu akivua tilapia wakubwa kwa nyavu, mnadhani yale yameanza asubuhi ile ile. Mnanunua vifaranga kabla ya kuwa na maji ya kuwaweka. Mnawarundika kama watu kwenye fuso. Mnawatupia ugali mpaka bwawa linanuka kama choo, kisha mnasema mulozi amepita. Mwingine anakuja kuloweka mihogo yake humo humo kwa sababu maji yako karibu, na samaki wakianza kupanda juu kutafuta hewa, anauliza ni nani anamwonea wivu. Wivu gani? Nani atakuonea wivu kwa tope?

Ngoja nipumue.

Mimi nilingoja, na maji yakaiva. Nikapata vifaranga kwenye bwawa la parokia, nikawaleta ndani ya ndoo, nikaiacha ndoo ielee bwawani muda mrefu mpaka maji ya ndoo na maji ya bwawa yakapata baridi moja, ndipo nikainamisha ndoo watoke wenyewe. Huku juu kuna baridi, samaki hukua polepole, lakini walikua. Mtoto wangu akaanza kula. Nywele zake zikarudi nyeusi. Hata mzee baba mkwe alianza kupitia ukingoni jioni akijifanya anatafuta ndama, kumbe anaangalia samaki wanavyoruka. Nilikuwa na furaha, mwanangu. Nilijiona mtu katika nyumba ile.

Kisha nikaomba ruhusa nikashuka Mpofi kumwona mama yangu. Nikarudi mchana, na furushi la fumbwa kichwani, yale majani ya porini tunayoyakatakata membamba na kuyapika na mawese. Sikuwa nimeyala tangu nilipoolewa. Nikapita uani na furushi langu, watu wote wakaliona, nikasalimu, nikaingia kupumzika.

Kesho yake asubuhi ndiyo ile niliyokwambia.

Anselme alikuja mbio, akashika kichwa. Baba mkwe akafika na fimbo yake, akatazama maji, akanitazama mimi. Mdogo wa mume wangu, shemeji Gaspari, ndiye aliyekuwa akishughulika na ng'ombe. Naye akaja, akasimama nyuma ya wengine. Majirani wakapanda, maana habari mbaya hapa Bihambwe haihitaji pikipiki. Na mzee akasema mbele yao wote, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde:

"Jana huyu bibi ametoka kwabo na majani. Leo samaki yote imekufa. Sisi hatuna dawa ya samaki. Nani huku iko anajua dawa ya samaki? Museme mwenyewe!"

Nikasema, "Papa, zile samaki ni zangu. Mutoto wangu njo anazikula. Nitaziua juu ya nini?"

"Sijui roho yako," akasema. "Watu ya mu pori, roho yabo iko mbali."

Niliwasikia watu wakinung'unika wakikubali. Watu ambao nilikuwa nimewapelekea samaki wakiwa wagonjwa! Nikamgeukia mume wangu. Nilitaka neno moja tu kutoka kwake. Aseme "hapana", basi. Yeye akaangalia chini, akaniambia polepole, kana kwamba ananionea huruma: "Uende kwenu kwanza. Mambo ipoe."

Mwanangu, nimezika watoto, nimekimbia risasi na godoro kichwani, nimelala kwenye mvua. Hakuna lililoniuma kama neno lile. 

Sikulia. Machozi yalikauka kwa hasira. Nilipanda nyumbani, wakanifuata, nikatoa fumbwa yangu yote nje, nikawasha moto pale pale uani mbele ya mashahidi wa uongo wale. Nikakata majani, nikatia mawese na chumvi, nikapika. Hakuna aliyeondoka. Yalipoiva nikaketi kwenye kigoda, nikala mpaka nikalamba sufuria, nikimtazama baba mkwe usoni. Nikasema, "Kama ni sumu, munizike kando ya bwawa." Nikakaa hapo, mimi na wao, tukingoja nife. Sikufa, kama unavyoona.

Lakini unadhani walisema pole? Walisema, "Basi alitumia ingine." Mtu akishakuamulia kwamba wewe ndiye, hata ukila sumu yenyewe mbele yake atakwambia uliizoea.

Aliyenisikiliza alikuwa mmoja. Dada mkubwa wa baba mkwe, shangazi yake Anselme, tulimwita Shangazi Veneranda. Alikuwa mzee, mkali, haogopi kaka yake hata kidogo, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Alikuwa ameketi muda wote na mtoto wangu mapajani. Akaniuliza, "We binti, kule kwenu mukitia ile dawa, inaua nini?"

Nikamjibu kama nilivyojua. Kwamba jani letu huwalewesha samaki katika dimbwi ambalo tumelitupia, nasi huwaokota na kuwala. Halipandi mlima. Haliwezi kuua kilicho juu ya pale ulipolitia. Na nilipokuwa nikisema hivyo nikakumbuka kitu nilichokiona asubuhi bila kukitilia maanani: kwenye mdomo wa mfereji, kabla maji hayajaingia bwawani, kulikuwa na kaa amelala chali.

Nikasimama. "Tupande na mufereji," nikasema. "Wote. Papa, na wewe."

Mzee akataka kukataa. Shangazi Veneranda alikwisha kunyanyuka, mtoto mgongoni. "Kama uliweza kupiga kelele mbele ya watu, utaweza kutembea mbele yabo," akamwambia.

Tukapanda. Nilitangulia, ninainama, ninaokota. Kaa aliyekufa. Mwingine. Wadudu wa majini wameganda pembeni kama mchanga mweusi. Viluwiluwi vimelala. Kila nilichookota nilimpa mzee mkononi, na sikujali kama anataka. Tukafika kwenye zizi, pale mfereji unapopita karibu na mawe makubwa. Upande wa chini wa mawe, maji yanakoshuka, kila kitu kilikuwa kimekufa. Nikavuka mawe, nikatembea hatua chache kwenda juu, nikaingiza mkono chini ya jiwe nikatoa kaa. Akaninasa kidole. Alikuwa mzima, mkali kuliko mimi. Nikamnyanyua akining'inia kidoleni kwangu, damu inatoka, nikawaonyesha wote.

Wakasogea kuangalia. Juu ya mawe uhai, chini ya mawe kifo, na mtoto mdogo angeweza kuona. Kwenye mawe yale kulikuwa na madoa meupe, na harufu yake kila mtu wa ng'ombe anaijua. Dawa ya kupe.

Shangazi Veneranda hakupiga kelele. "Gaspari," akaita. "Jana ulipulizia ng'ombe dawa?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na pompe ya kupulizia, uliisukulia wapi?"

Gaspari akaangalia buti zake. "Niliiosha mu maji. Hapa. Na ng'ombe zilipita mu mufereji, zilikuwa na kiu."

"Ulijua inaua samaki?"

"Hapana, Shangazi. Haki ya Mungu. Najua inaua kupe. Samaki sikufikiri."

Hilo nilimsamehe siku ile ile, mwanangu, nataka ujue. Dawa ya kupe tuliijua kama rafiki wa ng'ombe. Nani kati yetu alikuwa amefuga samaki na ng'ombe mlima mmoja? Mtu hulaumiwa kwa anachokijua. Lakini Shangazi hakuishia hapo. Akamsogelea.

"Na leo asubuhi, wakati baba yako anasema huyu bibi njo aliua, we ulikumbuka pompe yako ao haukukumbuka?"

Gaspari akamtazama baba yake. Kisha akasema, "Nilikumbuka. Niliogopa Papa."

Hapo ndipo niliporusha yule kaa. Sikumlenga mtu. Labda nilimlenga kidogo.

Baba mkwe akakohoa, akapiga fimbo yake chini, akasema neno ambalo wanaume wote hulisema wakishaona wameaibika: "Basi, imeisha. Ni samaki tu. Turudi nyumbani."

Shangazi Veneranda akamzibia njia. Nilimwona mzee yule mkubwa akirudi nyuma mbele ya dada yake. "Haijaisha," akasema. "Samaki imekufa, sawa, watachimba, watatia ingine. Lakini wewe umetupa jina ya huyu mutoto mu midomo ya watu, na jina haina bwawa ya kuitia ingine." Kisha akamgeukia mume wangu, na ukali wote aliokuwa nao tangu asubuhi akammwagia yeye. "Anselme. We njo ulishuka kumuomba kwa baba yake. Ulikula kwabo. Ulisema mbele yabo, 'nitamuchunga'. Leo baba yako anakosea, uzee. Ndugu yako anaogopa, utoto. Wewe uliyemujua mu nyumba moja, ulikuwa unaogopa nini? Umemufukuza na sauti ya upole. Afazali huyu aliyepiga kelele!"

Anselme alilia mbele ya majirani. Nilimwona, na sikumfuta machozi. Niliteremka, nikamfunga mtoto mgongoni, nikachukua kanga zangu, nikaondoka kwenda Mpofi. Sikufukuzwa. Ukweli ulikuwa umeshajulikana na njia ilikuwa wazi kubaki, na wengi waliniambia nibaki. Nilikataa. Walitaka niende kwetu ili mambo yapoe. Nilikwenda kwetu ili yaendelee kuwaka.

Nilikaa kwa baba yangu, nikasaidia mama yangu shambani. Hatimaye wakashuka, kama desturi inavyodai mke akiondoka kwa kuonewa: baba mkwe mwenyewe, Anselme, na Shangazi Veneranda, na pombe ya ndizi ya kuombea radhi. Baba yangu alikuwa mwindaji, mtu wa maneno machache. Aliwapa viti vizuri. Akawapa maji ya kunywa. Akamwita mama yangu aketi karibu. Kisha akamwambia baba mkwe, bila hasira yoyote:

"Mukwe wangu, asante kwa kufika. Ile maneno ulisema kule juu, mbele ya watu, uirudie hapa. Mama yake njo huyu. Anataka kuisikia na masikio yake."

Mzee akafungua kinywa. Mtu yule aliyekuwa akisikika ng'ambo ya bonde! Akamtazama mama yangu, ambaye alikuwa amekunja mikono tu, anamsubiri. Akafunga kinywa. Akanywa maji. Akajaribu tena. Uso wake ukaloa jasho, na huko porini hakukuwa na jua.

"Siwezi kuirudia hapa," akasema mwishowe.

"Basi," baba yangu akauliza, "kule uliwezaje?"

Baba mkwe akashuka kwenye kiti, akakaa chini kwenye udongo, akamwomba mama yangu msamaha. Ndipo nikafunga kanga zangu nikapanda nao. Anselme aliishi nami miaka mingi baada ya hapo na hakunyamaza tena hata siku moja nilipotajwa. Alikuwa anagombana mpaka na mapadri kwa ajili yangu. Mungu amrehemu.

Lakini usidhani hadithi inaishia vizuri. Ile aibu ya bwawani ilisikiwa na watu wengi, na waliopanda mfereji walikuwa wachache. Miaka mingi baadaye, nina wajukuu tayari, nilipeleka sufuria ya sombe, majani ya mihogo, kwenye matanga hapo ng'ambo. Mwanamke mmoja akaipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akaiweka nyuma ya mlango. Ilibaki pale mpaka watu wakatawanyika. Nilirudi nayo nyumbani imejaa. Ndivyo neno lililosemwa kwa hasira ya asubuhi moja linavyoishi muda mrefu kuliko aliyelisema.

Sasa tuongee juu yako.

Jana, kabla hujapanda pikipiki, nilikuuliza kitu kimoja: ulipulizia ng'ombe lini? Ukasema hilo halihusiani. Nikakuuliza tena. Ukaanza kutafuta funguo. Mwanangu, sisemi ni dawa ya kupe. Sijui. Labda uliwarundika mno. Labda usiku hewa iliwaishia kwa ugali wako uliooza. Labda hukungoja maji yaive, ukanidanganya, na samaki wangu walikufa kwa uongo wako. Wewe pia hujui. Hujapanda mfereji. Umepiga picha, umezituma kwa rafiki zako, umemtaja mama wa watu, na hata jiwe moja hujaliinua.

Kwa hiyo nakuusia. Samaki wakifa, vua viatu uingie majini kabla hujafungua kinywa. Fuata maji mpaka yanakotoka, angalia kilicho hai na kilichokufa, na uanze kuhesabu makosa kutoka kwenye mikono yako mwenyewe. Pompe ya dawa ioshe mbali na mfereji, na ng'ombe waliopuliziwa wasikanyage maji yanayoshuka kwa samaki. Wale waliokufa kwa dawa wazike, usimpe mtu ale, na ukithubutu kuwakausha uuze sokoni nitakushitaki mimi mwenyewe. Maji yabadilishe, yaache yaive upya, mkono mpaka kwenye kiwiko. Usije kwangu kabla ya hapo. Na kama kuna mtu unataka kumtuhumu, jiulize kwanza kama neno hilo ungeweza kulisema ukiwa umeketi nyumbani kwa mama yake, umepewa maji, mama mwenyewe anakutazama.

Maana mimi nilikuwa na kwetu, mwanangu. Nilikuwa na njia ya kuteremka, na baba wa kuniuliza nilichofanyiwa. Yule mama wa kibanda cha bashi, kwao kumechomwa. Ukimtaja Jumapili mbele ya watu, hana nyumba ya kukimbilia, na hakuna mzee atakayekuita ukae kwenye kiti akuambie: rudia. Ndiyo sababu imekuwa rahisi kwako kumchagua yeye.

Uliniomba nije, nitakuja. Mwambie chefu aniwekee nafasi. Nitapanda gari asubuhi, nitateremka Kingi kabla ya misa kwisha, na nitakaa kwenye benchi moja na huyo mama, nimemshika mkono. Wewe utasimama mbele yetu sote wawili, na mimi ndiye nitakayekuambia urudie.

Nenda sasa, jua linazama na barabara ni mbaya. Mungu akufikishe salama. Akupe maji safi na subira ya kuyangoja, akuongezee samaki na ng'ombe katika mlima mmoja, na kabla ya Jumapili akupe ujasiri wa kupanda huo mfereji peke yako. Amina.